Kilimo cha Mwani Mdogo: Kuotesha ni Rahisi, Kuvuna ni Kazi

Mtu asimamaye kando ya ziwa la magadi, kama Natron nchini Tanzania au Bogoria nchini Kenya, huweza kuwaona heroe wadogo kwa maelfu wakitembea katika maji ya kina kifupi huku wameinamisha vichwa. Ndege huyu huingiza mdomo wake majini juu chini. Ulimi wake huenda mbele na nyuma mara kadhaa kila sekunde, ukivuta maji ndani na kuyasukuma nje. Ndani ya mdomo mna vijitando vyembamba vilivyopangika kama meno ya kitana. Maji hupita, chakula hubaki.

Chakula hicho ni mwani mdogo usioonekana vema bila hadubini. Uchunguzi uliofanywa katika ziwa Nakuru wakati wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba heroe mdogo mmoja hula kati ya gramu 60 na 75 za mwani kwa siku, ukipimwa ukiwa mkavu. Tuseme ni gramu 60, na kwamba kila lita ya maji ya ziwa ina robo gramu ya mwani. Basi ndege huyo hana budi kuchuja lita 240 kila siku, yaani zaidi ya pipa moja la mafuta, ili apate chakula kinachoweza kutoshea katika kikombe cha chai.

Heroe, pasipo kusoma kitabu chochote, amekwisha kulitatua tatizo ambalo wahandisi wa viwanda wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka 70. Mwani mdogo huota upesi kuliko mazao mengi ya shambani. Lakini zao lake limetawanyika ndani ya maji mengi mno, na kulitoa humo ndiko kuliko na gharama. Makala hii yaeleza jinsi mwani huo unavyolimwa na kuvunwa viwandani, na kwa nini ni aina chache tu, kati ya maelfu zilizopo, ambazo zimepata kuwaletea wakulima wake faida.

MWANI MDOGO NI NINI?

Wakazi wa pwani huujua mwani wa baharini, ule unaofungwa kwenye kamba na kulimwa Unguja na Pemba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani unaozungumzwa hapa ni jamaa yake wa mbali. Kila kiumbe ni seli moja, au mnyororo mfupi wa seli, wala hakina mizizi, shina wala majani. Hata hivyo kina umbijani, nacho hufanya usanisinuru kama mgomba au mhindi ufanyavyo: hutumia mwanga wa jua, maji na kabonidioksidi kutengeneza chakula, kisha hutoa oksijeni.

Aina nne ndizo zitakazotajwa zaidi:

(a) Klorela, ambayo ni seli ya mviringo ya kijani yenye kipenyo cha maikromita 2 hadi 10. Maikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

(b) Dunaliela, ambayo huishi katika maji yenye chumvi nyingi kama ya mashamba ya chumvi, na haina ukuta mgumu wa seli.

(c) Hematokokasi, ambayo huishi katika maji baridi yasiyo na chumvi, na hugeuka nyekundu inapopatwa na dhiki.

(d) Spirulina, ambayo ni uzi wa seli nyingi uliosokotwa kama skurubu. Unene wa uzi ni maikromita 10 hivi, bali urefu wake waweza kufika nusu milimita. Wanasayansi huuita *Arthrospira*, lakini jina la spirulina ndilo lililoenea katika biashara. Kwa hakika kiumbe hiki si mmea, bali ni sayanobakteria, yaani bakteria wenye umbijani. Ndicho chakula kikuu cha heroe wadogo.

HISTORIA KWA UFUPI

Kuvuna mwani mdogo si uvumbuzi wa viwanda. Wahispania walipoingia Mexico katika karne ya 16 waliwakuta Waazteki wakiukusanya kwa nyavu nyembamba kutoka ziwa Texcoco, wakiukausha na kuuza vipande vyake sokoni kwa jina la *tecuitlatl*.

Barani Afrika, wanawake wa Kikanembu wa upande wa ziwa Chad wamekuwa wakifanya kazi iyo hiyo tangu zamani. Huteka utando wa kijani kutoka madimbwi ya magadi, huchuja maji, hukausha ujiuji uliobaki juu ya mchanga na jua, kisha huukata vipande viitwavyo *dihé*. Vipande hivyo husagwa na kutiwa katika mchuzi uliwao na uji mzito wa mtama. Mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Dangeard, aliandika habari za chakula hicho mwaka 1940, lakini dunia haikumsikiliza kwa sababu ya vita. Msafara wa Wabelgiji uliovuka Sahara mwaka 1964 na 1965, ambamo alikuwamo mtaalamu Jean Léonard, ndio ulioifufua habari hiyo.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakifuata njia ya maabara. Mholanzi Beijerinck alifaulu kuotesha klorela peke yake mwaka 1890. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hofu ya upungufu wa protini iliwafanya wanasayansi wa Marekani wajenge mtambo wa majaribio juu ya paa la jengo huko Cambridge, Massachusetts, mwaka 1951. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Japani ilianza kuuza klorela kama bidhaa. Mexico nayo, katika miaka ya 1970, ilianza kuvuna spirulina kwa kiwango cha kiwanda palepale Texcoco. Kampuni iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ikitengeneza magadi, na mwani uliota wenyewe katika mabwawa yake. Kiwanda hicho kilifungwa katikati ya miaka ya 1990, lakini kilikuwa kimekwisha kuonyesha njia. Viwanda vingine vilijengwa Thailand, California na Hawaii. Siku hizi China ndiyo iongozayo kwa wingi wa spirulina inayozalishwa.

SHAMBA LENYEWE

Shamba la kawaida la mwani ni bwawa lenye umbo la yai refu, lililogawanywa katikati kwa ukuta mfupi usiofika miisho yake. Hivyo maji huweza kuzunguka kama wakimbiaji wazungukavyo uwanja wa michezo. Gurudumu lenye makasia huyasukuma maji kwa mwendo wa sentimita 20 hadi 30 kwa sekunde. Kina cha maji ni sentimita 15 hadi 30 tu.

Mwanafunzi aweza kuuliza: kwa nini kina kiwe kidogo hivyo? Sababu ni kivuli. Seli zilizo juu hunyonya mwanga na kuzinyima zilizo chini, kama mahindi yaliyopandwa karibukaribu yanyimanavyo jua. Bwawa likichimbwa mita mbili, sehemu kubwa ya maji itakuwa gizani, na seli zilizomo zitapumua na kutumia akiba yao bila kutengeneza chakula. Kwa sababu iyo hiyo maji hayana budi kukorogwa, ili kila seli ipate zamu yake ya jua.

Baada ya mwanga huja kaboni. Karibu nusu ya uzito wa mwani mkavu ni kaboni. Kwa hiyo kilo 1 ya mwani ina takriban gramu 500 za kaboni, na kwa kuwa gramu 12 za kaboni hutoka katika gramu 44 za kabonidioksidi:

500 × 44 ÷ 12 = gramu 1,833

Yaani kilo 1 ya mwani huhitaji zaidi ya kilo 1.8 za kabonidioksidi. Hewa peke yake haiwezi kuingiza kiasi hicho majini kwa haraka ya kutosha. Hapa spirulina ina bahati. Huishi katika maji yenye bikaboneti ya sodiamu kwa wingi, na huchukua kaboni yake humo:

HCO₃⁻ → CO₂ + OH⁻

Kabonidioksidi hutumiwa na seli, na ioni za haidroksidi hubaki majini. Ndiyo maana pH ya bwawa la spirulina hupanda siku baada ya siku, hata kupita 10. Mkulima hupuliza kabonidioksidi bwawani ili kuirudisha chini, na kwa tendo hilo huwa pia ameulisha mwani wake.

Mchanganyiko wa virutubisho uliobuniwa na Zarrouk nchini Ufaransa mwaka 1966 bado ndio kielelezo. Kila lita ina gramu 16.8 za bikaboneti ya sodiamu, gramu 2.5 za naitreti ya sodiamu, pamoja na fosfeti, potasiamu, magnesiamu, chuma na madini mengine kidogokidogo. Joto lifaalo ni nyuzi 35 za Selsiasi hivi. Maji yakipoa chini ya nyuzi 20 ukuaji huzorota, na kwa sababu hiyo mabwawa ya California hayavunwi wakati wa baridi. Nchi za joto hazina kikwazo hicho.

MAGUGU NA UA WA SHAMBA

Bwawa la wazi hupokea kila kiletwacho na upepo: mbegu za mwani mwingine, bakteria, na vijidudu vilao mwani. Klorela hustawi katika maji ya kawaida, na maji ya kawaida hupendwa na kila kiumbe. Kwa hiyo bwawa la klorela laweza kuwa la kijani kibichi leo, na siku chache baadaye likawa limemalizwa na vijidudu.

Spirulina na dunaliela zina ua wa asili. Maji yenye pH 10 au chumvi nyingi kuliko bahari huwaua au kuwadhoofisha wapinzani wengi. Hata hivyo ua huo una tundu, nalo hutokana na uvunaji wenyewe, kama itakavyoelezwa.

MAVUNO: VITA NA MAJI

Sasa twafika penye ugumu wenyewe. Fikiria bwawa la mita za mraba 1,000 lenye kina cha sentimita 20. Lina lita 200,000 za maji. Ikiwa kila lita ina nusu gramu ya mwani, basi bwawa zima lina kilo 100. Tukichukua ukuaji wa gramu 10 kwa kila mita ya mraba kwa siku, ambao ni wa wastani kwa bwawa linalotunzwa vizuri, zao la siku ni kilo 10. Ili kuzipata kilo hizo, lita 20,000 hazina budi kupitishwa katika mtambo wa kuvunia kila siku. Kilo 1 ya mwani huwa imejificha katika tani 2 za maji. Mkulima wa mpunga hana haja ya kuinua shamba zima ili apate mchele wake. Mkulima wa mwani huinua sehemu ya kumi ya shamba lake kila siku.

Njia zitumikazo ni nne.

Kwanza, kuuacha mwani utuame. Njia hii ni rahisi lakini ni ya polepole mno. Mwanafizikia George Stokes alionyesha mwaka 1851 kwamba kasi ya kuzama kwa kitu kidogo cha mviringo huongezeka kwa mraba wa kipenyo chake. Seli ya klorela yenye kipenyo cha maikromita 5, ikiwa imezidi maji kwa kilo 50 tu katika kila mita ya ujazo, huzama kama ifuatavyo:

kasi = g × d² × tofauti ya msongamano ÷ (18 × mnato)
= 9.8 × (0.000005)² × 50 ÷ (18 × 0.001)
= mita 0.00000068 kwa sekunde

Hiyo ni takriban sentimita 6 kwa siku nzima, tena katika maji yaliyotulia kabisa. Kabla haijafika chini, seli hiyo yaweza kufa na kuoza.

Kwa kuwa ukubwa ndio uamuao, dawa yake ni kuziunganisha seli ziwe madonge. Wenyeji wa vijiji vingi wanaijua kanuni hii: hutia shabu, au mbegu za mlonge zilizotwangwa, katika maji ya mto yenye tope, na tope hushikamana na kushuka. Seli za mwani zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana. Shabu huleta ioni za alumini zenye chaji chanya, na msukumano huisha. Kasoro ni kwamba alumini hubaki ndani ya zao. Kwa maji machafu yanayosafishwa haidhuru, bali kwa chakula cha watu haifai.

Pili, kuelesha. Viputo vidogo vya hewa hupulizwa kutoka chini, hushikana na madonge ya mwani na kuyapandisha juu, ambako hukwanguliwa kama povu la nyama ichemkayo.

Tatu, sentrifuji, yaani mashine izungushayo kwa kasi kubwa, kama ile itenganishayo malai na maziwa. Mashine hii huzikamata hata seli za klorela, nazo hutoka safi. Lakini ni ya bei kubwa na hula umeme mwingi, kwa sababu huzungusha tani 2 za maji kwa ajili ya kilo 1 ya zao.

Nne, kuchuja. Ndiyo njia ya heroe, na ndiyo ya wanawake wa Kanem. Kitambaa chenye matundu ya maikromita 30 hadi 50 huzuia nyuzi za spirulina, na maji hupita kwa uzito wake yenyewe. Seli za klorela zingepita zote katika matundu hayo. Kama tundu lingepunguzwa ili kuzizuia, lingeziba mara moja.

Mpishi wa pwani aujua mfano huu vizuri. Nazi iliyokunwa hukamuliwa katika kifumbu. Tui hupita, chicha hubaki. Katika kilimo cha spirulina mambo ni kinyume: chicha ndiyo mali. Hata hivyo tui halimwagwi. Kila lita ya maji yaliyochujwa ingali na gramu 16.8 za bikaboneti, hivyo lita 2,000 zina zaidi ya kilo 33. Kutupa kilo 33 za bikaboneti ili kupata kilo 1 ya mwani ni hasara iliyo wazi. Maji hurudishwa bwawani.

Na hapo ndipo lilipo lile tundu la ua. Seli ndogo za klorela zilizojipenyeza bwawani hazikamatwi na kitambaa. Hurudi na maji. Kila siku spirulina hupunguzwa na gugu huachwa. Mkulima asiyeangalia hujikuta, kwa mkono wake mwenyewe, amepalilia zao na kuacha magugu. Kinga yake ni kuhakikisha kwamba bikaboneti haipungui na pH haishuki chini ya 10, ili klorela isipate nguvu, na kuangalia tone la maji katika hadubini kila siku. Tena nyuzi za spirulina zenyewe pengine hunyooka na kupoteza msokoto wake, zikawa kama sindano, zikapenya chujio. Hadubini huonyesha jambo hilo mapema.

KUKAUSHA, NA HESABU YA NISHATI

Chujio hutoa ujiuji wenye sehemu 10 za mwani katika kila 100. Ujiuji huo hushindiliwa hadi ufikie sehemu 20. Kati ya lita 2,000 za maji, zilizobaki kwa kila kilo ya mwani ni lita 4 tu. Ujiuji huoza baada ya saa chache katika joto, kwa hiyo hukaushwa upesi: ama hutandazwa juani au katika kikausho cha jua, ama hunyunyizwa ndani ya mnara wa hewa ya moto ambamo matone hukauka kwa muda wa sekunde chache.

Kuchemsha na kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke, kuanzia nyuzi 25, huhitaji megajuli 2.6 hivi. Linganisha njia mbili:

Bila kuchuja: 2,000 × 2.6 = megajuli 5,200
Baada ya kuchuja na kushindilia: 4 × 2.6 = megajuli 10.4

Kilo 1 ya mwani mkavu ikichomwa hutoa megajuli 20 hivi. Kukausha bila kuchuja kungekula nishati mara 260 kuliko ile iliyomo katika zao. Na hata baada ya kuchuja vizuri, nusu ya nishati hiyo hutumika kukaushia.

Hesabu hii yaeleza kwa nini ndoto ya kutengeneza mafuta ya magari kutokana na mwani haijatimia kwa bei ifaayo. Serikali ya Marekani iligharimia mpango wa utafiti wa jambo hilo tangu mwaka 1978 hadi 1996, na mabwawa ya mita za mraba 1,000 yalijengwa Roswell, New Mexico. Mwani uliota; lakini mafuta yake yalikuwa ghali kuliko petroli, na mpango ukasimamishwa.

Kanuni yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mwani hulipa pale ambapo kuuvuna ni rahisi, au pale ambapo bidhaa yake ni ya thamani kubwa. Spirulina huchujwa kwa kitambaa. Hematokokasi, ilimwayo Hawaii, hugeuka chembe kubwa nzito zinazotuama zenyewe, na rangi yake nyekundu huuzwa kwa bei kubwa. Dunaliela ni ngumu kuvuna, lakini huweza kuwa na beta-karotini kufikia sehemu ya kumi ya uzito wake mkavu au zaidi, na kwa ajili hiyo mabwawa makubwa yalifunguliwa Hutt Lagoon na Whyalla, Australia, katika miaka ya 1980.

MANUFAA NA TAHADHARI

Spirulina kavu ina protini sehemu 55 hadi 70 katika kila 100. Maharagwe makavu yana sehemu 22 hivi. Kwa kutazama tarakimu hizi peke yake, wengi wamedai kwamba mwani utaondoa njaa. Lakini mtu halihi spirulina kwa sahani. Hula kijiko, gramu 10 hivi, ambazo humpa gramu 6 za protini. Protini hiyo yapatikana pia katika konzi ya maharagwe ya gramu 30, kwa bei nafuu zaidi. Spirulina ni nyongeza nzuri ya chakula, hasa kwa madini ya chuma na karotini zake. Haiwi badala ya chakula. Vilevile sehemu kubwa ya kile kilichodhaniwa kuwa vitamini B12 ndani yake imeonekana kuwa ni umbo lisilotumika mwilini mwa binadamu.

Jambo la pili ni la usalama. Mtu aliyesoma kwamba spirulina huota katika maziwa ya Bonde la Ufa asidhani kwamba aweza kwenda kuteka utando wa kijani na kuula. Mwani wa porini huota umechanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walizikuta katika maziwa ya magadi ya Kenya sumu za sayanobakteria zidhuruzo ini na mishipa ya fahamu, nazo zimehusishwa na vifo vya heroe. Macho hayawezi kutofautisha utando salama na wenye sumu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulima badala ya kuokota: bwawa huanzishwa kwa mbegu inayojulikana, na zao hupimwa.

Aidha zao la porini halitegemeki. Mwaka 1974 spirulina ya ziwa Nakuru ilitoweka karibu yote. Na tangu mwaka 2010 hivi maziwa kadhaa ya Kenya yamejaa maji. Magadi ya Nakuru yalipozimuliwa, mwani ulipungua na heroe wengi wakahamia kwingine. Ndege ana mabawa. Kiwanda hakina.

Nchi zenye jua, joto na magadi zina mtaji mzuri wa kilimo hiki. Lakini bwawa lililotajwa hapo juu, likipoteza milimita 5 za maji kwa siku kwa mvuke, huhitaji lita 5,000 za maji safi kila siku ili kutoa kilo 10. Maji hayo yatatoka wapi, na ni nani mwingine ayahitajiye? Hilo ni swali la kuulizwa kabla ya jembe la kwanza kupigwa.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: chupa nne za kioo au plastiki angavu, maji ya kijani kutoka dimbwi, shabu, mbegu za mlonge, kipande cha kitambaa safi cha pamba.

1. Jaza chupa tatu kwa maji ya kijani. Ya kwanza iachwe kama ilivyo. Ya pili itiwe kijiko kimoja cha maji yaliyoyeyushwa shabu. Ya tatu itiwe kijiko kimoja cha maji yaliyochanganywa na unga wa mbegu za mlonge.

2. Koroga polepole kwa dakika tano, kisha acha zitulie. Pima kimo cha maji angavu baada ya nusu saa, saa moja, na siku moja.

3. Chuja maji mengine ya kijani kwa kitambaa hadi chupa ya nne. Je, rangi imebadilika? Eleza kwa kutumia ukubwa wa seli.

Maji hayo yasinywewe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

MASWALI

1. Kwa nini kina cha bwawa la mwani hakizidi sentimita 30?

2. Seli mbili zina msongamano sawa, ya kwanza ina kipenyo cha maikromita 5 na ya pili maikromita 20. Ya pili huzama kwa kasi mara ngapi ya ile ya kwanza?

3. Bwawa lina mita za mraba 400, kina cha sentimita 25 na gramu 0.4 za mwani kwa lita. Kokotoa uzito wa mwani wote uliomo. Ukivuna kilo 4 kwa siku, utachuja lita ngapi?

4. Eleza jinsi kuvuna kwa chujio kunavyoweza kuongeza magugu katika bwawa la spirulina, na jinsi ya kuyazuia.

5. Chagua ziwa au shamba la chumvi lililo karibu na shule. Taja mambo manne ambayo ungeyachunguza kabla ya kushauri kwamba mwani mdogo ulimwe hapo.